Milango ya Maabara Ifunguliwe Pande Zote Mbili

Ndugu wanachama, kila mwaka wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja nchini kwetu kutafiti. Hukamata mbu wetu, hupima maji ya maziwa yetu, huwahoji wazee wetu. Kisha hurudi kwao wakapata shahada. Hatuwafukuzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twauliza: mwenyeji amepona nini?

Tazameni watoto wetu wanapotaka kwenda kwao. Ujerumani ina mpango uitwao RISE, ulio chini ya DAAD, wa kuwapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara wakati wa kiangazi, wakafanye kazi pamoja na watafiti na kulipwa posho. Ni mpango mwema, lakini ni wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Na hao Wajerumani ndio waliojenga kituo cha utafiti pale Amani, Usambara, mwaka 1902! Njia ya kuja kwetu waliijua mapema sana.

Wako watakaosema vijana wetu hawajawa tayari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo lile katika maabara. Mwaka 1969 waliandika pamoja, na leo dunia nzima inalitaja jina la Mpemba. Swali alikuwa nalo tangu mwanzo. Alichokosa ni mtu mwenye maabara wa kumsikiliza.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. CERN, kule Geneva, imepokea wanafunzi wa kiangazi tangu 1962, na hata wa nchi zisizo wanachama huruhusiwa kuomba. Vijana wametuambia kwamba tangazo huwafikia siku zikiwa zimekwisha, na mwalimu wa kuwaandikia barua ya sifa haonekani. Hiyo ni aibu yetu. Tena mwombaji wa viza ya Schengen hutozwa Yuro 90 tangu Juni 2024, na akinyimwa harudishiwi. Mtoto wa mkulima azitoe wapi?

Baadhi ya wazee wetu Chamani wanahofu kwamba wakienda hawatarudi. Twawaheshimu, lakini safari hizi ni za miezi miwili au mitatu, na mwanafunzi ana mitihani inayomngoja nyumbani.

Mtafiti mgeni hawezi kufanya kazi hapa bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Basi kibali hicho kiwe na sharti: kila chuo kinacholeta wanafunzi wake kutafiti kwetu kipokee mwanafunzi wetu katika maabara yake, na kigharimie nauli na viza. Matawi yalijadili jambo hili katika mikutano ya mwezi ujao, na maazimio yaletwe kwa maandishi.