Siti zinapendeza, namba ya kuita iko wapi?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na vijana wa nyumbani, kwetu neno siti ni mahali pa kuchimba. Mutu akisema anaenda siti, tunajua anapanda mulima na sururu. Siku hizi siti ni pia ule ukurasa ambao kampuni ya madini inaufungua kwenye intaneti ili dunia iione. Hizi siti za pili zimebadilika sana sura. Wengine watasema hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta, chama cha wafanyakazi kinatafuta nini mule? Tunatafuta mengi.

Tuanze na sura yenyewe, maana wengi wetu hatujazifungua. Unafinya jina la kampuni, unangoja. Picha moja inajaza kioo chote cha telefoni, mara nyingi ni video iliyopigwa na droni juu ya milima ya kijani. Juu yake kuna maneno manne ama matano makubwa kuhusu kesho na maendeleo. Ukishuka, namba zinakimbia zenyewe toka sifuri: miti iliyopandwa, watoto wa shule, wafanyakazi. Ukishuka tena, uso wa mchimbaji kwa karibu kabisa, vumbi kwenye kope, kofia ya chuma mupya, anacheka. Maandishi ni membamba, rangi ya majivu juu ya nyeupe. Menyu imefichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni, na asiyejua kwamba vile vistari vinafinywa atazunguka ile picha mpaka jioni.

Hatusemi ni mbaya kwa macho. Inapendeza. Ni mode tu, kama mode ya suruali, na inatoka mbali. Mwaka 2012 Microsoft, na mwaka 2013 Apple, waliondoa vivuli na vifungo vilivyovimba, kila kitu kikawa bapa, na watu wengi wakaanza kujiuliza kipi kinafinywa na kipi ni pambo. Mwaka 2019 telefoni za Apple na za Android zikaletewa sura ya giza, maandishi meupe juu ya nyeusi, na siti zikafuata. Juni 2025 Apple ikaonyesha mtindo wa kioo, ambamo vifungo vinapitisha rangi za nyuma yake. Wenye telefoni za bei ghali walilalamika kwamba hawasomi, na kabla mwaka huo haujaisha kampuni ikawawekea namna ya kupunguza ule uangavu. Wao walisikilizwa haraka.

Hii sura ya giza tuiongelee kidogo, kwa sababu kuna vijana wanaotuambia inalinda batri. Ni kweli kwa telefoni zenye kioo cha OLED, ambamo kila nukta inajiwashia taa yake, na nukta nyeusi ni taa iliyozimwa. Telefoni nyingi za bei ya chini ziko na kioo cha LCD: taa iko nyuma ya kioo chote na inawaka vilevile, ukurasa uwe mweusi ama mweupe. Kwa hiyo mchimbaji hapati faida ya batri, na saa sita mchana, juani, haoni kitu. Anaona uso wake mwenyewe tu.

Na maandishi ya majivu? Shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti duniani, linaomba mwangaza wa herufi za kawaida na wa rangi iliyo chini yake utofautiane angalau 4.5 kwa 1. WebAIM, kituo cha chuo kikuu cha Utah State huko Marekani, kila mwaka tangu 2019 kinapima kurasa za kwanza za siti milioni 1, na kila mara kinakuta karibu 8 kwa 10 ziko na maandishi yaliyofifia kupita kanuni. Hizo ni siti za dunia nzima, si za kampuni za madini peke yake. Sasa mupe ukurasa wa namna hiyo baba wa miaka hamsini ambaye macho yake yamekula vumbi la miamba miaka ishirini.

Halafu kuna uzito. HTTP Archive, mradi unaopima siti za dunia, uliona mwaka 2024 kwamba ukurasa wa kati ukifunguliwa kwa telefoni unapita megabaiti 2. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuwa chini ya 1. Ukurasa wenye video ya droni unapita hapo mbali sana. Mwenye intaneti ya nyumbani hasikii kitu. Sisi tunaonunua mega kidogo kidogo njo tunalipa hiyo video.

Mama mmoja wa hapa Majengo alikuja ofisini kwetu. Bwana yake alikuwa amevunjika mguu shimoni, na alitaka kujua aongee na nani kwenye kampuni, ambayo jina hatulitaji. Alikuwa amenunua mega za franka 500. Tukafungua siti pamoja. Milima ikaja, ikakatika, ikaja tena. «Mama, ngoja kidogo, bado inazunguka.» Akacheka kwa uchungu: «Milima niko naiona kila siku bure, sasa nalipa mega juu ya kuiona?» Mega ziliisha kabla hatujafika chini. Tukaweka zingine. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za majivu, kulikuwa namba ya ofisi ya inchi ingine, na karatasi ya kujaza kwa Kiingereza. Namba iliyofaa tuliipata siku mbili nyuma, kwa dereva mmoja wa lori.

Siti hiyo haikukosewa. Ilitengenezwa vizuri kwa ajili ya mutu mwingine. Sheria ya Marekani ya 2010, ile ya Dodd-Frank, sehemu ya 1502, inaomba kampuni zilizo kwenye soko lao la hisa ziseme, na zitangaze kwenye siti zao, kama zinatumia kasiterite, koltani, wolframi ama dhahabu kutoka Kongo na inchi jirani. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2017/821, inayofanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2021, inaomba waagizaji wa madini hayohayo watoe ripoti mbele ya watu, na intaneti imetajwa mule. Kwa hiyo kila mwenye kuuza anataka mnunuzi wa Ulaya akifungua ukurasa aone mchimbaji mwenye kofia mupya. Ukurasa unaongea juu yetu siku nzima. Na yule ndugu wa kwenye picha, nani alimuuliza kama anakubali uso wake uuze koltani? Jina lake halimo.

Lakini hata sisi iko sheria yetu. Kode ya madini ya 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inaamuru kampuni yenye hati ya kuchimba isaini «cahier des charges» pamoja na wakaaji, na iweke pembeni angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Tena katika mrabaha wa madini, 15% ni ya mji, sekta ama sheferi ambamo madini yanatoka. Mambo hayo njo familia inatafuta: barabara ipi, kituo cha afya kipi, lini, na franka ngapi. Tukiyapata kwenye siti, ni faili la PDF lililopigwa picha upande, kurasa na kurasa, kwa Kifaransa cha wakili, na njia ya kulifikia imefichwa chini ya vistari vitatu. Miti inayojihesabu iko juu.

Tunawaambia pia vijana wa Majengo, mnaotengenezea koperative siti kwenye vile vyumba vya kupigisha fotokopi. Mnafanya kazi nzuri, na koperative zinahitaji kuonekana. Lakini muache kuchukua muundo uliokwisha tengenezwa na kubadilisha jina tu. Tumeona koperative ya watu wa sururu iko na picha ya lori kubwa kama nyumba, la mgodi wa Australia ama Chile. Mnunuzi si mjinga. Mwangalie mbao za chaki mbele ya nyumba za wanunuzi: bei ya kilo, herufi kubwa nyeupe juu ya nyeusi, unaisoma ukiwa juu ya pikipiki. Na musifikiri ni umaskini. Serikali ya Uingereza ilifungua siti yake GOV.UK mwaka 2012, herufi nyeusi juu ya nyeupe, karibu hakuna picha, unachotafuta kiko mbele. Mwaka 2013 makumbusho ya ubunifu ya London iliipa zawadi ya ubunifu wa mwaka.

Kwa kampuni, ombi letu ni hili. Namba ya kuita wakati wa ajali iwe mstari wa kwanza, nyeusi juu ya nyeupe, na mutu anayejua Kiswahili aitikie. Ahadi za «cahier des charges» ziandikwe kama maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili, ahadi moja moja na tarehe yake, na nakala ya karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa koperative na wa parokia. Video iweko, lakini isianze mpaka mutu ameifinya mwenyewe.

Kwenye mkutano ujao na mawakilishi wa kampuni tutakuja na telefoni moja ya zamani, kioo kimepasuka, mega za franka 500 ndani. Tutatoka nao inje juani, na tutawaomba watufungulie siti yao wenyewe, mpaka wafike kwenye namba.