Ngoma Zako Ziko kwa Nani? Hamisha Mziki Kejani Kabla Diski Izime

Buda, jibu hii haraka: ukiacha kulipia app ya mziki leo, ni ngoma ngapi zitabaki kwa simu yako? Kwa wengi wetu jibu ni sufuri. Playlist umepanga miaka mitatu, lakini ni kama keja ya kupanga. Rent ikikwama, landlord anafunga mlango na viti viko ndani.

Ndio maana siku hizi wasee wengi wanarudia maneno ya zamani: kuwa na mziki wako mwenyewe, kwa diski yako, kwa nyumba yako. Tofauti ni moja. Haichezwi tena kwa flash. Unaweka seva ndogo kejani, simu za mbogi yote zinaingia kwa Wi-Fi na kila mtu anachagua ngoma yake. Ni form safi. Lakini hapo kwa kuhamisha ndio watu huumia, na kuna kampuni kubwa iliumia mbele yetu.

Machi 2019 ilijulikana kila mahali kuwa MySpace, mtandao uliokuwa baba yao kabla Facebook ishike usukani, imepoteza mziki wa watu. Kila ngoma iliyopakiwa kutoka 2003 mpaka 2015, imeenda. Hesabu iliyotajwa ni zaidi ya ngoma milioni 50, za wasanii karibu milioni 14. Na hakukuwa na moto wala mafuriko. Walikuwa wanahamisha seva. Faili ziliharibika njiani na hakukuwa na nakala ingine ya kurudia.

Mwezi uliofuata Internet Archive ikatoa zaidi ya ngoma laki nne za hiyo MySpace. Ziliponaje? Kuna watafiti walikuwa wamezinakili miaka ya nyuma ju ya kazi yao ya shule. Yaani zilizopona ni zile mtu wa kando alikuwa amejiwekea.

Kuna ya pili. Google Play Music ilifungwa mwisho wa 2020. Watu waliambiwa wahamishe vitu zao YouTube Music ama wazishushe kwa kompyuta, na 24 Februari 2021 data yote ikafutwa. Hapo angalau notisi ilikuja. Lakini ona vizuri: kama ulikuwa umepakia maktaba yako huko ukafuta ya nyumbani, na email ya notisi ukaiacha kwa spam, hiyo ilikuwa kwaheri.

Sasa tukuje kwetu, ju hapa ndio kuna kitu ya kuogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Ogopa Deejays na Calif Records, mziki wa Nairobi ulitembea kwa CD za kuchomwa, kwa cyber, baadaye kwa flash na Bluetooth. Hits kubwa za wakati huo nyingi utazipata mtandaoni. Lakini mixtape ya nganya yenu ya 2008 je? Freestyle mtu alirekodi kwa redio usiku? Yule msee wa mtaa aliyetoa ngoma mbili kali kisha akaenda Gulf kutafuta? Hizo hazina mtu wa kuzipandisha Spotify. Mixtape hata iko na shida zaidi. Ndani yake kuna ngoma arobaini za watu arobaini, na kila mmoja ana haki yake, kwa hivyo hata ikipandishwa leo, kesho inaweza kushushwa. Inawezekana nakala iliyobaki ni ile iko kwa diski ya buro wako, imefungwa na karatasi ya nailoni juu ya kabati. Na hiyo diski inazeeka. Ndani kuna sahani inazunguka na mkono unaosonga. Vitu vinavyosonga huchoka.

Kwa hivyo, unahamisha aje bila kulia?

Kwanza hesabu. Ngoma ya dakika nne kwa MP3 ya 320 ni kama MB 10. Ngoma 10,000 ni kama GB 100. Si mzigo mkubwa, diski ya 1TB inameza na nafasi inabaki. Ukitumia waya wa USB unaosukuma MB 30 kwa sekunde, unamaliza kwa saa moja hivi. Ukipitisha kwa Wi-Fi dhaifu ya MB 5 kwa sekunde, ni saa tano na nusu. Tumia waya. Ukienda Luthuli kununua, kaa rada: flash ya 2TB ya bei ya chips kuku ni uongo. Inaonyesha nafasi, inakubali faili, halafu ukifungua hakuna kitu. Ipime na programu kama H2testw kabla uiamini.

Pili, usikate, nakili. Ukikata na stima ipotee katikati, utabaki na nusu huku na nusu kule. Sote tunakumbuka 25 Agosti 2023 venye nchi nzima ilizimika. Tumia TeraCopy kwa Windows ama rsync kwa Linux. Zote zinaeza linganisha faili ya kwanza na ya pili zione kama ni sawa. Ukimaliza, cheki idadi ya faili na ukubwa kwa pande zote mbili. Diski ya zamani iweke, usiiguse.

Tatu, majina. Nusu ya mziki wetu unaitwa "Track 01" na msanii hajulikani. MusicBrainz Picard ni ya bure, inasikiza ngoma yenyewe na kutafuta jina. Kwa hits itakusaidia. Kwa mixtape ya mathree haitajua kitu, hiyo ni kazi yako: andika DJ ni nani, mwaka gani, ulipata wapi. Hii kazi ifanye kwa nakala mpya pekee, ju Picard inaandika ndani ya faili.

Nne, seva. Haihitaji mashine ya kutisha. Laptop ya ex-UK iliyovunjika kioo inatosha, ama Raspberry Pi, ambayo inakula kama wati 5. Ikiwaka mwezi mzima ni kama yuniti 4 za tokeni. Weka Navidrome ama Jellyfin, zote za bure, uzionyeshe folda. Ukiwa nyumbani bando lako haliguswi. Linganisha na kustream kwa data ya simu: kwa ubora wa 320 ni kama MB 144 kila saa.

Tano, na hii ndio wengi huruka: seva si nakala ya akiba. Ukiwa na diski moja kwa seva, uko penye MySpace ilikuwa. Weka diski ya pili kwa droo na ya tatu kwa mathako ushago. Mwizi akiingia keja hatapata zote.

Kitu ya sheria: ngoma ina mwenyewe. Seva ni ya kusikiza kwako, si ya kuuzia mtaa flash, na ukiicheza kwa kinyozi ama baa, unahitaji leseni. Na usiache app kama unaipenda. Ni njia poa ya kupata ngoma mpya, na msanii anapata kitu, hata kama kidogo. Ukipenda albamu yake sana, inunue kama anaiuza, uiweke kwa diski. Hiyo pesa anaisikia zaidi.

Leo jioni fanya moja tu. Toa ile diski kwa kabati, ichomeke, uone kama inawaka. Ikiwaka, anza kunakili usiku huu huu. Ikianza kulia tik tik tik, izime usiilazimishe, mpelekee fundi anayejua kazi ya kuokoa data, na umwambie ukweli: hakuna nakala ingine.