Tusimcheke Mla Odowa, Tumuulize

KAULI YA NEKESA
Na Nekesa Wanyama

Katika soko la Chepkube mjini Bungoma, na vilevile katika soko la Kitale, odowa huuzwa peupe. Vipande vya udongo mkavu, vingine vyeupe, vingine vya kijivu au rangi ya kahawia, hupangwa kwa mafungu karibu na vitunguu na omena, na bei yake ni ya sarafu. Mnunuzi huvunja ncha, huinusa, ndipo aamue. Hadi hapo hakuna siri. Siri huanza fungu linapoingia mkobani. Mwanamke yuleyule aliyebishania bei kwa sauti kubwa ataitafuna odowa yake jikoni mlango ukiwa umerudishwa, na akiulizwa anatafuna nini atasema ni njugu. Ana sababu zake. Utani wa kumwandama mla udongo hauishi: mwenye nyumba ya matope achunge kuta, mume aanze kununua matofali badala ya mkate. Anayetafuna kifuniko cha kalamu hadi kibonyee tunamsamehe. Anayevuta harufu ya petroli kituoni macho yakiwa yamefumba tunamwacha na raha yake. Mla odowa tu ndiye tumemfanya kituko, na naona dhihaka hiyo inatugharimu kuliko udongo wenyewe.

Kwanza, hebu tuone kama kweli ni kituko. Mwaka 1997 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Nyanza, jirani zetu kabisa, kwa watoto wa shule 285 wenye umri wa miaka 5 hadi 18. Asilimia 73 walisema wanakula udongo kila siku, kwa wastani wa gramu 28. Mwaka uliofuata timu hiyo ilitoa matokeo ya Pwani: kati ya wajawazito 275 waliohojiwa Kilifi, asilimia 56 walikuwa walaji wa kawaida wa udongo. Jambo linalofanywa na watoto saba katika kila kumi, na zaidi ya nusu ya akina mama katika chumba cha kusubiria kliniki, haliwezi kuitwa tabia ya watu wachache wasio wa kawaida. Lakini kilichonivutia zaidi katika utafiti wa Nyanza ni kile kinachotokea watoto wanapokua. Wakiwa wadogo, wavulana kwa wasichana hula, na idadi hupungua kwa wote kadiri wanavyokaribia miaka 10. Baada ya hapo wasichana hubaki palepale, ilhali wavulana huendelea kuacha. Sidhani ulimi wa mvulana hubadilika kiasi hicho. Nadhani amekwisha kuambiwa kwamba udongo ni mambo ya wanawake, naye hataki kuchekwa.

Wala udongo wenyewe hauna aibu kwetu. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope mwili mzima, akarudi nyumbani akisindikizwa na umati unaoimba, na barabara husimama kumpisha. Matope mwilini mwa mvulana ni heshima inayosimamisha magari. Yakiingia kinywani mwa mama yake ni fedheha. Tofauti hiyo tumeiweka sisi wenyewe, na tunaweza kuiondoa.

Kuna watakaosema kwamba kula udongo ni njaa tu, kwamba mtu akishiba ataacha. Hoja hii ni kongwe, na jibu lake pia ni kongwe. David Livingstone, katika shajara zake za mwisho zilizochapishwa mwaka 1874, aliandika kuhusu hali aliyosikia ikiitwa safura Zanzibar, hamu ya kula udongo, akasema haikuwa ya watumwa peke yao: hata matajiri wenye chakula tele walipatwa nayo. Kisiwani Pemba, uchunguzi wa Sera Young na wenzake uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wajawazito walikuwa wakila vitu vibichi vya wanga, hasa mchele, huku walaji wa udongo wakiwa wachache. Mtu mwenye mchele ndani si mtu asiye na cha kupika. Na leo hii udongo wa kula unauzwa London katika maduka ya bidhaa za Kiafrika, kwa watu ambao friji zao zimejaa.

Wengine, hasa wanaojua mlima wetu, watasema mwili unajua unachokitaka. Watataja ndovu wa Mlima Elgon ambao huingia katika pango la Kitum usiku, gizani kabisa, wakaubomoa mwamba kwa pembe na kuutafuna kwa ajili ya chumvi. Watataja pia wafugaji wa mlimani waliopeleka ng'ombe wao mapangoni humo kwa sababu hiyohiyo. Ni hoja nzuri, nami ningependa iwe kweli kwa binadamu pia. Tatizo ni kwamba upungufu unaotajwa sana kwa wala odowa ni wa madini ya chuma, na udongo wa mfinyanzi mara nyingi huyashika madini hayo tumboni badala ya kuyatoa. Isitoshe, jaribio lililofanywa kwa watoto wa shule mjini Lusaka, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004, liliwapa baadhi yao vidonge vya chuma ili kuona kama wataacha kula udongo. Vidonge havikuleta tofauti. Kwa hiyo hamu hii si king'ora cha mwili na basi. Ina ladha yake, harufu yake ya mvua ya kwanza, mazoea na wenzake wa kula nao. Anayemwambia mjamzito wa Webuye au Kiminini kwamba kidonge kitamwondolea hamu anamwahidi jambo asiloweza kulithibitisha.

Basi kama hamu haiondolewi na kidonge wala shibe, kwa nini nisiseme watu waachwe wale? Kwa sababu madhara yapo, na yanakua yanapofichwa. Udongo uliochotwa juujuu unaweza kubeba mayai ya minyoo; utafiti wa Bondo uliotolewa mwaka 2005 uliwapa akina mama dawa ya minyoo, kisha ukaona kwamba walioendelea kula udongo walirudiwa zaidi na minyoo mikubwa ya tumboni. Udongo wa machimbo mengine una madini ya risasi, sumu inayomfikia mtoto aliye tumboni. Halafu kuna hili ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Serikali humpa kila mjamzito vidonge vya bure vyenye miligramu 60 za chuma ndani ya kila kimoja, anywe kila siku. Akikimeza asubuhi na kufuatisha vipande vitatu vya odowa, sehemu ya dawa hiyo inapita bure. Mkunga ataona damu haipandi, ataongeza ushauri wa sukumawiki na maini, na mama ataitikia kwa adabu, odowa ikiwa mkobani. Hatasema, kwa sababu mara ya mwisho aliposema mtu alicheka.

Najua wapo wanaotaka njia fupi: odowa ipigwe marufuku sokoni. Nchi hii imepiga marufuku vitu vingi ambavyo bado vinanunuliwa nyuma ya kibanda, na odowa ni rahisi kuficha kuliko vyote. Ikifukuzwa Chepkube, mlaji atageukia kichuguu kilicho nyuma ya choo, ambako hakuna anayejua kuna nini. Kwa wale wanaohofia kwamba kuizungumzia wazi ni kuihalalisha, sioni inahitaji kibali gani zaidi ikiwa tayari ina meza yake sokoni.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji bajeti ya kutisha. Katika hudhurio la kwanza la kliniki, mkunga anayeuliza kuhusu chakula aulize pia, kwa sauti ileile, "Odowa unakula? Kiasi gani? Saa ngapi?" Asiulize kama anayeshuku wizi. Akijibiwa ndiyo, apime damu, atoe dawa ya minyoo kwa wakati wake, aeleze kwa nini kidonge na udongo visikutane, na amwombe mama apunguze kidogo kidogo badala ya kumtaka aape kuacha leo. Upande wa soko, afya ya umma iko mikononi mwa kaunti, na maafisa wake wanaokagua nyama buchani wanaipita meza ya odowa kila wanapoingia sokoni. Waulize inachimbwa wapi, wachukue sampuli. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Kisumu, na kilo moja kutoka Chepkube pamoja na nyingine kutoka Kitale zinaweza kufika huko kwa matatu ya asubuhi.