Piki-piki ya Zamani au ya Karibuni?

Ndugu mfanyakazi, umeweka akiba, unataka kununua piki-piki iliyokwisha kutumiwa. Mbele yako ziko mbili: Yamaha AG 100 ya zamani, rangi imechakaa, na TVS HLX 125 ya karibuni, inang'aa. Utachagua ipi?

Wengi huchagua kwa macho. Sisi tunasema: usinunue rangi, nunua freni.

Mnyororo wa AG 100 umefunikwa wote, matope ya njia ya Kasongo na Kabambare hayaufikii upesi. Lakini injini yake huunguza mafuta yake ya pekee pamoja na esanse. Yakikosekana, injini inakufa. TVS haina shida hiyo.

Kazini huwashi mashini kabla ya kuikagua. Fanya vivyo hivyo siku ya kununua. Jaribu freni zote mbili. Tazama chuma cha mwili: palipochomelewa huenda palivunjika katika ajali. Ikiwa ile ya karibuni imechomelewa, chukua ya zamani. Ikiwa fundi wa Kasongo hana vipuri vya ile ya zamani, iache.

Nawe mama wa nyumbani, usikubali franga zote ziishie hapo. Bakisha za kofia mbili za piki-piki, ya bwana na yako utakayepanda nyuma. Kofia ya mgodini haitoshi: ilifanywa kwa jiwe linaloanguka toka juu, si kwa kichwa kinachogonga njia.

Usalama kwanza, hata nje ya kazi.