Mlinzi wa Mitambo ya Serikali Naye Alindwe

Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya wengi walikuta milango ya serikali imefungwa, na haikuwa siku ya mgomo wala sikukuu. Mtambo wa eCitizen, ambao ulikuwa umekusanya huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulikuwa umeshambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Hakuna kufuli iliyovunjwa. Washambulizi waliumiminia mtambo maombi ya uongo kwa wingi, hata mwenye haja ya kweli akakosa pa kupita. Ikabidi wageni waliotua nchini wapewe viza papo hapo uwanjani. Sisi wa Pwani ya Kusini, ambao riziki za nyumba nyingi kuanzia Tiwi hadi Diani na Msambweni humtegemea mgeni afikaye, hatuwezi kudai kwamba hayo ni mambo ya Nairobi.

Je, ni nani asimamaye zamu langoni? Na mtoto wa Waa afanyeje ili siku moja zamu hiyo iwe yake?

Waa ni mahali panapostahili kuulizwa swali hilo. Shule yake ni miongoni mwa shule kongwe za serikali katika Pwani, na hapo jirani, Matuga, kipo chuo ambako maofisa wa umma huletwa kutoka kila pembe ya nchi ili wanolewe. Hata hivyo, mwanafunzi akimwambia mwalimu wa ushauri nasaha kwamba anataka kulinda mitambo ya serikali, aghalabu huambiwa ajifunze kompyuta, basi. Pale Ukunda fundi afunguaye simu zilizofungwa ndiye aitwaye bingwa wa mtandao. Simdharau fundi huyo. Lakini safari ni ndefu kuliko kibanda chake.

Tutazame maisha ya kazi ya Dkt. Katherine Getao. Alianza kama mwalimu. Alifundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kukiongoza kitengo cha somo hilo. Akashughulikia mpango wa NEPAD wa kufikisha kompyuta katika shule za Afrika. Kisha akaingia serikalini kusimamia huduma za serikali kwa njia ya mtandao, akawa Katibu wa TEHAMA, na baadaye Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya TEHAMA. Nchi ilikuwa imekwisha kuonja aibu: Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia aliziharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya.

Lakini sifa ya Dkt. Getao iliyonipendeza zaidi haimo ndani ya mtambo wowote. Aliketi kwa niaba ya Kenya katika jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ambalo mwaka 2015, likiwa na wajumbe wa nchi 20, lilikubaliana kanuni 11 za mwenendo wa mataifa mtandaoni. Mezani walikuwamo Marekani, Urusi na China. Afrika ilikuwa na Misri, Ghana na Kenya. Kanuni mojawapo yasema taifa lisiruhusu kwa kujua ardhi yake itumiwe kudhuru wengine. Nyingine yakataza kuvishambulia vikosi vya dharura vya mtandao vya nchi nyingine, kama vile vitani gari la wagonjwa lisivyopigwa risasi. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ufundi wa kompyuta pekee. Yalihitaji mtu ajuaye sheria, historia na lugha, na awezaye kubishana bila kugombana. Mwalimu wa fasihi naye ana sehemu yake katika kumlea mlinzi wa namna hiyo, wala asimwachie mwenzake wa hisabati mzigo wote.

Hadi hapo habari ni njema. Sasa na tumtaje Chris Msando, kwani mwanafunzi akifichwa habari zake atakuwa amedanganywa.

Mwaka 2017 Msando alikabidhiwa kuongoza idara ya teknolojia katika Tume ya Uchaguzi, IEBC, baada ya mkuu wake kusimamishwa kazi. Alijitokeza hadharani, akawaeleza wananchi jinsi mitambo ingewatambua wapiga kura na kupeleka matokeo. Mwishoni mwa Julai, siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, maiti yake ilipatikana huko Kikuyu, na mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akatangaza kwamba mwenzao aliteswa na kuuawa. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais, na katika hoja zake ikailaumu tume kwa kutotii amri ya kuifungua mitambo yake ikaguliwe. Miaka imepita, na damu ya Msando haijapata haki mahakamani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi wa mitambo hamwogopi mdukuzi wa ng'ambo peke yake. Humwogopa pia mkubwa wa hapa nyumbani atakaye kumbukumbu zifunguliwe kwake au zifichwe kwa wengine. Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliunda kamati ya kitaifa inayoongozwa na Katibu wa Wizara ya usalama wa ndani, ikiwa na wakuu wa majeshi, polisi na ujasusi. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtaalamu wa kazi, ni katibu wa kikao hicho. Linganisha na Kamishna wa Data chini ya sheria ya 2019: yeye hupewa kipindi kimoja cha miaka sita kisichoongezwa, hivyo hana wa kumbembeleza ili arudishwe kazini.

Kwa maoni yetu, Bunge limpe mkurugenzi huyo kinga kama hiyo: kipindi kilichotajwa katika sheria, sababu za kumwondoa zilizoandikwa waziwazi, na wajibu wa kupeleka ripoti yake kwa wabunge. Wabunge wa Kwale wanaweza kulianzisha jambo hilo. Nao walimu wa Waa, wanapowasaidia wanafunzi kuchagua mikondo ya masomo, wawasimulie habari za Dkt. Getao na za Msando katika kipindi kimoja.