NYUMBA YAKO: Kabla ya Kufungua Debe la Rangi

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Novemba, barua za wasomaji huleta swali lile lile: ni rangi gani iliyo bora kwa kuta za nje, ili nyumba ipendeze kabla ya wageni wa Krismasi kufika? Nami kila mwaka hujibu kwamba swali hilo limetangulia mbele ya mwenzake. Yafaa kwanza kuuliza kama ukuta una maji ndani yake, na maji hayo yatoka wapi.

Tufikiri kidogo juu ya majira yetu. Mvua za vuli katika sehemu nyingi za Kenya huanza Oktoba na kuisha Desemba. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ya Murang'a au ya Machakos, ukitazamwa tarehe 20 Desemba, waweza kuonekana mkavu kwa macho, hali kiini chake kimelowa kwa majuma mengi. Mtumishi aliyepewa livu yake wakati huo hurudi nyumbani na madebe mawili ya rangi, humwita fundi, na baada ya siku mbili nyumba yang'aa. Wageni husifu. Kisha jua la Januari huanza kuupiga ukuta, na maji yaliyofungiwa ndani hutafuta njia ya kutoka. Rangi ikiwa ni ya namna isiyopitisha mvuke, hufura malengelenge kama mkono uliochomwa moto. Masika yakipita, ikifika Juni vipande vyaanguka chini. Fedha imekwenda, na kazi ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana sasa iko rangi mbovu ya kubanduliwa.

Iko shida ya upande wa pili, wala siifichi. Miezi iliyo bora ya kupaka nje kwa watu wengi wa bara ni Januari na Februari, na Januari ndio mwezi wa karo. Hakuna mzazi mwenye akili atakayenunua rangi hali mtoto wake amekaa nyumbani kwa kukosa karo. Lakini watu wengi hawajaona kwamba kazi ya kuandaa ukuta ni kubwa kuliko kazi ya kuupaka, tena haitaki fedha nyingi. Yataka mikono, maji, brashi ya waya, na Jumamosi tatu au nne. Basi Januari iwe ya mikono, na rangi ingojee mshahara wa Februari. Katika majuma hayo ukuta nao utapata nafasi ya kukauka.

Jumamosi ya kwanza usiguse kitu. Izunguke nyumba polepole, ukiwa na daftari na penseli, uandike unayoyaona. Maji huingia ukutani kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka chini, na kutoka pembeni kwa nyufa na madirisha. Alama ya kahawia chini ya ukingo wa paa yaonyesha bati lililotoboka au mfereji uliojaa majani. Michirizi chini ya pembe za dirisha yaonyesha kwamba kizingiti hakikutokeza mbele vya kutosha kuyatupa maji mbali na ukuta. Unga mweupe karibu na ardhi, ambao ukiufuta leo hurudi baada ya siku chache, ni chumvi inayoletwa na maji yapandayo kutoka chini. Maji hukauka, chumvi hubaki, na kila ikiganda huisukuma plasta na rangi nje.

Katika nchi ya udongo mwekundu, kama vile Kiambu, Nyeri na Kisii, nyumba nyingi zisizo na mifereji ya paa huvaa ukanda mwekundu hadi kimo cha magoti. Watu hulaumu rangi. Kosa ni la maji ya mabati, ambayo huanguka chini kwa nguvu na kuurusha udongo ukutani. Wengine huuficha ukanda huo kwa kupaka lami nyeusi. Lami yaweza kuficha matope, lakini ikiwa unyevu wapanda kutoka ardhini, lami huuzuia kutokea hapo, nao hupanda juu zaidi na kutokeza mahali palipopakwa rangi. Dawa ni mfereji wa paa. Asiyeweza kuununua mwaka huu, na amwage kokoto katika ukanda wa upana wa nusu meta au zaidi pale maji yaangukapo, na ardhi iinamishwe ili maji yakimbie kutoka nyumbani. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Hata bustani ya maua iliyoegemea ukuta na kumwagiliwa kila jioni ni chemchemi ndogo. Najua mama wa nyumba atanung'unika, lakini maua hayatakufa kwa kuhamishwa hatua moja.

Ukishaziba njia za maji, upime ukuta kabla ya kuuamini. Chukua karatasi ya nailoni inayoonyesha upande wa pili, kipande cha nusu meta kila upande, uibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani, au mahali pale pamekuwa peusi kuliko pengine, ukuta bado una maji. Ngojea, upime tena juma lijalo. Kipimo hiki hakina gharama, nacho ni bora kuliko maneno ya fundi mwenye haraka.

Ukuta wenye plasta mpya una jambo jingine. Saruji hutaka yapata siku 28 kupata nguvu yake ipasavyo, na katika siku hizo ni kali kama kostiki. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake mapema, ukali wa saruji hukutana na mafuta ya rangi na kuyageuza sabuni, kama vile sabuni ipikwavyo kwa kostiki na mafuta. Rangi hunata, hulainika, kisha hubanduka. Kwa sababu hii mimi husema kwamba kuta za saruji za nje zipakwe rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kazi ya nje, na rangi ya mafuta iachwe kwa milango, mbao na vyuma vya madirisha.

Nyumba za udongo hazifai kupakwa ngozi ya rangi isiyopumua hata kidogo. Katika sehemu za magharibi, akina mama wamekandika kuta kwa udongo na samadi tangu zamani, wakazirembesha kwa udongo wa rangi mbalimbali, nao hawapaki kabla ya kuziba nyufa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Chokaa hupatana nao.

Kwa ndugu zetu wa Pwani hili si geni. Nyumba za kale za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe huchomwa kwa moto mkali, kisha huzimwa kwa maji, na chokaa ikishapakwa huvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe polepole. Kwa hiyo chokaa hupakwa tabaka nyembamba juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, kinyume cha rangi nyingine nyingi. Mtu akiifunika nyumba kama hiyo kwa saruji ngumu na rangi ya kisasa, chumvi na unyevu hukosa pa kutokea, na jiwe huanza kuoza ndani. Tena chokaa mbichi ni hatari kwa macho. Usiichanganye bila miwani ya kazi, na watoto wakae mbali.

Sasa nafika penye jambo ambalo laniogofya kuliko malengelenge yote. Rangi ya zamani iliyo mbovu lazima ikwanguliwe, kwa maana rangi mpya haishiki kuliko ile iliyo chini yake. Lakini rangi nyingi za zamani, hasa za mafuta, zilitiwa madini ya risasi. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipatana juu ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi, lakini mapatano yale yalihusu kazi ya ndani ya majengo. Kuta za nje ziliachwa. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa nyumba za watu mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Hudhuru ubongo wa mtoto, akapungukiwa na uwezo wa kujifunza, wala dhara hilo halirudishwi nyuma. Itakuwa ajabu ya kusikitisha kumlipia mtoto karo mwezi wa Januari, na mwezi huo huo kumlisha vumbi liharibulo akili atakayokwenda nayo shuleni.

Basi ikiwa nyumba ni ya zamani nawe hujui ilipakwa nini, ichukulie kuwa ina risasi. Usiisugue kwa msasa mkavu, wala usiiunguze kwa moto. Ilowanishe kwa maji ndipo uikwangue kwa bapa la chuma, ikibaki na unyevu muda wote. Tandika turubai chini, pana kiasi cha kupokea kila kipande. Kunja mabaki kila jioni, uyafunge katika mfuko, usiyamwage shambani wala mahali kuku wanapodonoa. Afanyaye kazi afunge barakoa nzuri ya vumbi, si kitambaa cha leso, anawe mikono kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe peke yake. Watoto na mama mwenye mimba wasiwe karibu hata kidogo. Nimeona mafundi wakicheka wanaposikia haya. Na wacheke.

Baada ya kukwangua, ukuta uoshwe. Sabuni ya kawaida, maji safi na brashi ngumu vyatosha kwa vumbi na moshi. Ukungu wa kijani au mweusi, uonekanao sana upande usiopata jua, hautoki kwa sabuni pekee. Tia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 3, uiache yapata robo saa, usugue na kuosha kwa maji mengi. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana baadhi yake zikikutana hutoa hewa ya sumu. Karibu na bahari, kuta zioshwe kwa maji matamu ili kuondoa chumvi ya upepo.

Nyufa nyembamba kama unywele ni kitu kidogo. Ufa mpana upanuliwe kidogo kwa patasi, usafishwe, ulowanishwe, ndipo uzibwe. Lakini kabla ya kuziba ufa mkubwa, weka alama ya penseli katika ncha zake na uandike tarehe. Ukikuta umepita alama, tatizo lipo chini, si ukutani. Katika udongo mweusi, kama ule wa tambarare za Athi, ardhi huvimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi, na nyumba yenye msingi haba hufuata mwendo huo. Hapo mwite mtu ajuaye misingi, rangi uisahau kwa sasa.

Mwezi wa pili ukifika, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Nyumba ya meta 10 kwa 8, yenye kuta za kimo cha meta 2.7, ina meta 36 za mzunguko, yaani meta za mraba 97 na kidogo. Toa milango na madirisha, tuseme meta 14, zabaki 83. Mikono miwili ya rangi ni meta 166. Lita moja katika plasta yenye mikwaruzo hufunika yapata meta 8, ingawa debe laweza kuandikwa zaidi. Kwa hiyo wahitaji kama lita 21. Fundi akikuambia lita 10 zatosha, jua kwamba nyingine ataiongeza kwa maji ya bombani.

Na fundi huyo mpatane malipo kwa sehemu mbili, ya kuandaa na ya kupaka. Kabla ya kulipa sehemu ya kwanza, pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe kwa unga, ukuta haujawa tayari, na uoshwe tena au upakwe praima ya kushikanisha unga. Bandika utepe wa gundi mahali pa rangi ya zamani iliyoachwa, uuvute kwa ghafula. Ukitoka na rangi, kukwangua hakujaisha. Ngazi isimamishwe meta 1 kutoka ukutani kwa kila meta 4 za kimo, mbali na waya za umeme, na mtu aishike chini.

Siku ya kupaka, ngojea umande ukauke. Limuru na Kericho hilo laweza kuwa saa nne. Fuata kivuli kuizunguka nyumba, upande wa magharibi asubuhi na wa mashariki alasiri, kwa maana rangi ipakwayo juu ya ukuta wa moto hukauka kabla ya kushika. Acha kazi saa kumi, umande wa jioni usiikute ingali mbichi.