Chujio la bei nafuu ni jema, lakini nani amelipima?

Mwaka 1997 Clayton Christensen, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza kwa nini kampuni kubwa huangushwa na ndogo. Mdogo huanza na kitu cha bei nafuu, kisicho bora sana, akawauzia wale ambao wakubwa hawana habari nao. Kitu kile huboreka taratibu, na wakubwa wanaposhtuka soko limeshahama. Siku hizi nadharia hiyo inatumika hata mashuleni na hospitalini.

Sisi tumeona jambo kama hilo kwa M-Pesa. Ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu 2008, haikuwa benki. Ilituma pesa tu, na ikawafaa mamilioni wasio na akaunti. Ilipogoma ulijua palepale, kwa sababu pesa haikufika.

Kwenye maji hujui. Ndugu msomaji, kama unaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, miamba ya volkano inatia floridi kwenye maji ya visima na chemchemi zako nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo huku vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Matokeo yake ni meno ya kahawia, na kwa wengine mifupa inayoharibika. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, takriban miaka minane ya mwanzo. Mswaki hauyarudishi.

Bomba salama halimfikii kila mtu, ndiyo maana nayaunga mkono machujio madogo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alibuni chujio la mchanga na teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya wahandisi ya Afrika inayotolewa na taasisi ya Uingereza.

Shida yangu ni lile wazo la kuanza na kitu kinachotosha tu. Kitu duni huboreka sokoni kwa sababu mteja anaona kasoro na kulalamika. Mkaa wa mifupa ukishajaa, floridi inapita, na maji yanabaki maangavu kama ya jana. (Jina la Maji ya Chai linatokana na rangi, floridi haina rangi.) Mama atagundua mtoto akiota meno ya mbele ya ukubwani, akiwa na miaka saba hivi. Hapo atamlalamikia nani?

Kwa hiyo muulize anayekuuzia: mkaa ulibadilishwa lini, na maji yaliyochujwa yalipimwa yakatoa ngapi? Endelea kuchemsha ili kuua vijidudu, ila usidhani kunaondoa floridi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Punguza magadi kwenye maharage, maana nayo huwa na floridi. Ukiwa na ndoo moja tu ya maji salama, wape watoto wadogo kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa yanafaa.

Na halmashauri za Arusha na Meru zipime kila kituo kinachouza maji yaliyochujwa. Bei ya ndoo huandikwa ukutani. Pembeni yake paandikwe tarehe ya kipimo na miligramu zilizopatikana.